Barua ya wazi kwa Kamishna Mkuu wa TRA: meza ya kazi iliyoko sebuleni

Kamishna Mkuu,
Mamlaka ya Mapato Tanzania,
Dar es Salaam.

YAH: SAMANI ZA KAZI KATIKA NYUMBA TUNAZOISHI

Ndugu Kamishna Mkuu,

Mimi ni mfasiri na mhariri. Ofisi yangu iko nyumbani, Chamazi, wilayani Temeke. Nakuandikia kuhusu meza, kiti na kabati la majalada, na kuhusu maelfu ya wakazi wa jiji hili ambao ofisi yao ni kona ya sebule. Ninaandika hadharani kwa sababu jambo hili halihusu faili la mlipakodi mmoja, na linaweza kumalizwa kwa waraka mmoja wenye sahihi yako.

Pita Mbagala Kuu, Buza, Tegeta, Boko au Bunju saa nne asubuhi siku ya kazi. Barabarani kumetulia, daladala zimeshapakia watu wa mjini na kuondoka. Ndani ya nyumba kazi zimepamba moto. Yupo mchoraji wa ramani za majengo, yupo dada anayetunza hesabu za maduka kadhaa ya dawa, yupo mwalimu anayefundisha masomo ya ziada barazani, yupo kijana anayebuni mabango na kadi za harusi, yupo mshonaji wa sare za shule. Wengi wamepiga hesabu wakaona hakuna namna nyingine. Chumba cha ofisi Kijitonyama au Posta kinadaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo. Juu yake weka nauli ya kila siku na saa zinazopotelea kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa au ya Bagamoyo. Ukianza na mtaji mdogo, unaanzia nyumbani.

Hatukimbii kodi. Tunazo TIN. Taasisi inayonilipa hukata asilimia 5 ya ada yangu kama kodi ya zuio kabla fedha haijanifikia. Mwisho wa Machi tunatoa makadirio ya kodi ya mwaka, tunalipa kwa awamu nne, na mwisho wa Juni wa mwaka unaofuata tunawasilisha ritani. Tangu Sheria ya Fedha ya mwaka 2022, watu wanaotoa huduma za kitaalamu, za kiufundi na za mafunzo wametolewa kwenye ule utaratibu rahisi wa kutozwa kwa kuangalia mauzo. Sasa tunatakiwa kuonyesha mapato, gharama na faida. Sina ugomvi na hilo. Lakini serikali iliponiambia nionyeshe gharama zangu, ilifungua swali ambalo haijalijibu: gharama za ofisi iliyo ndani ya nyumba ni zipi, na zinathibitishwaje?

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haina uchoyo katika hili. Kifungu chake cha 11 kinaruhusu kuondoa gharama ambazo zimetumika zote, na kwa ajili hiyo tu, katika kuzalisha mapato ya biashara. Kwa vitu vinavyodumu, kama samani na mashine, kuna posho ya uchakavu, na Jedwali la Tatu limevipanga kwa madaraja. Kompyuta na vifaa vyake vimo daraja la kwanza, asilimia 37.5 kwa mwaka. Samani na vifaa vya ofisi vimo daraja la tatu, asilimia 12.5. Kila mwaka kiwango hicho hupigwa kwenye thamani iliyobaki.

Tufanye hesabu. Mchoraji wa ramani anayefanyia kazi nyumbani Buza amenunua meza kubwa ya kuchorea, viti, shelfu na kabati la majalada, vyote kwa shilingi 2,400,000. Mwaka wa kwanza uchakavu ni shilingi 300,000, na inabaki thamani ya 2,100,000. Mwaka wa pili ni 262,500. Kwa mtu ambaye faida yake imepita shilingi milioni 12 kwa mwaka, yaani yuko kwenye kiwango cha asilimia 30, ile laki tatu ya mwaka wa kwanza inampunguzia kodi ya shilingi 90,000. Kwa makusanyo ya taifa hiyo ni fedha ndogo. Kwa mchoraji wa Buza ni umeme wa miezi kadhaa.

Kama mchoraji huyo angekuwa na chumba cha ofisi Barabara ya Samora, hakuna afisa ambaye angeuliza chochote. Meza iko ofisini, basi ni meza ya ofisi. Meza ile ile ikiwa Buza inageuka kuwa tatizo, kwa sababu sheria inayoruhusu gharama za biashara inakataza gharama za mtu kujitunza mwenyewe na familia yake, au za matumizi mengine ya nyumbani. Meza ya sebuleni iko upande gani? Mchana inabeba ramani. Saa kumi na mbili jioni mtoto wa darasa la sita anaifanyia hesabu, na Jumapili wageni wanaandaliwa chai juu yake. Sheria haisemi lolote kuhusu ofisi ya nyumbani, na aliyeachwa aamue ni afisa mmoja mmoja katika mkoa wa kikodi mmoja mmoja. Hapo afisa wa Temeke na wa Tegeta wanaweza kuliona jambo moja kwa macho mawili, na wote wawili wakawa wamesoma kifungu kile kile kwa nia njema. Wengi wetu, tukiijua hatari hiyo, tunaacha kabisa kuandika samani kwenye ritani. Tunalipa kodi kwa faida ambayo hatukuipata, kwa sababu ya kuogopa mabishano.

Kuna nchi zilizokwisha kulijibu swali hili, na majibu yao hayafanani. Marekani inataka sehemu ya nyumba inayodaiwa iwe inatumika kwa biashara tu, tena mara kwa mara. Kwa anayetimiza sharti hilo, tangu mwaka wa kodi wa 2013 ipo njia ya mkato ya dola 5 kwa kila futi ya mraba, mwisho futi 300. Afrika Kusini nayo inataka chumba kilichoandaliwa mahsusi kwa kazi na kisichofanya jambo jingine. Uingereza imekwenda njia nyingine. Aliyejiajiri anayefanya kazi nyumbani saa 25 au zaidi kwa mwezi anaweza kudai kiwango maalumu kwa ajili ya gharama kama umeme na kupasha nyumba joto: pauni 10 kwa mwezi, au 18, au 26, kulingana na saa zake. Samani huhesabiwa peke yake, kwa kadiri zinavyotumika kazini.

Nakuomba, Ndugu Kamishna Mkuu, usiichukue njia ya Marekani na Afrika Kusini. Sharti la chumba kisichofanya jambo jingine limetungwa na watu wenye nyumba za vyumba vingi. Familia ya watu watano inayoishi chumba na sebule Mbagala haiwezi kufunga nusu ya makazi yake ili kumridhisha mkaguzi. Likiwekwa hapa, atakayefaidika ni mwenye nyumba kubwa Mbweni, na yule ambaye shilingi 90,000 zingemsaidia kweli atabaki nje. Njia ya kugawa kwa matumizi ndiyo inayolingana na maisha yetu. Meza inayofanya kazi saa nane na kutumika nyumbani saa mbili ikubalike kwa asilimia 80. Kompyuta ambayo watoto huitumia jioni ikubalike kwa sehemu yake. Mlipakodi aandike mgawo huo mwenyewe, autie sahihi, na awe tayari kuueleza akiulizwa.

Sasa nije Keko.

Kila mkazi wa Temeke anaijua Keko. Ukitaka kitanda, sofa, kabati la nguo au meza ya kusomea, unakwenda Keko, unachagua mbao, unaeleza vipimo, unatoa kianzio, na unarudi baada ya muda kuchukua mzigo wako kwa bajaji ya mizigo au kirikuu. Nyumba nyingi za jiji hili zina kazi ya mikono ya mafundi wale. Meza ninayoandikia barua hii ni ya mninga, imetoka Keko, na imetengenezwa kwa urefu wa mwili wangu baada ya fundi kunikalisha kwenye stuli na kunipima kiwiko. Hakuna duka la kiti cha kuagiza litakalokufanyia hivyo.

Fundi huyo hana mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti (EFD). Mafundi wengi wa aina yake hawana, na baadhi yao mauzo yao hayajafikia kiwango cha kulazimika kuwa nayo. Atakachokupa ni karatasi iliyochanwa kwenye daftari: jina, namba ya simu, "meza moja, imelipwa", na sahihi. Mbele ya mkaguzi wa hesabu karatasi hiyo haina nguvu. Kinachotakiwa ni risiti ya EFD.

Tazama linalofuata. Mtu akinunua kiti na meza ya mbao za kubandika zilizokuja kwa kontena kutoka nje, katika duka kubwa lenye mashine, gharama yake ina ushahidi na inakubalika. Akimwendea seremala wa Keko, akanunua mninga uliopigwa randa na Mtanzania, gharama hiyo haina ushahidi na inaweza kukataliwa. Sidhani kuna mtu aliyekaa mezani akapanga hivyo. Lakini ndivyo utaratibu unavyofanya kazi kila siku, na unatufundisha sisi wanunuzi wenye TIN kulikimbia soko la mafundi wetu wenyewe. Nchi inayotumia fedha za umma kufundisha useremala katika vyuo vya VETA haipaswi kuwa na kanuni ya risiti inayompeleka mteja kwa mwagizaji.

Nimesikia hoja ya kwamba dawa ni kila fundi anunue mashine. Kwa karakana kubwa, sawa. Kwa fundi mwenye randa mbili na mwanafunzi mmoja, anayepata oda nne mwezi huu na mwezi ujao asipate hata moja, hoja hiyo inamkosesha mteja haki yake kwa jambo ambalo mteja hana uwezo nalo. Kaulimbiu yenu inasema: ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti. Nimedai. Fundi amenipa alichonacho. Baada ya hapo wajibu wangu unaishia wapi?

Ushahidi mwingine upo, na mwingi wake ni mgumu kughushi kuliko karatasi. Siku hizi mafundi wengi wanapokea malipo kwa simu, na muamala una tarehe, saa, kiasi na majina ya pande mbili yaliyosajiliwa kwa kitambulisho cha taifa. Fundi anaweza kuandika hati fupi ya mauzo yenye TIN yake, au namba yake ya NIDA kama TIN hana. Picha ya samani ikiwa mahali pake pa kazi haimgharimu mtu kitu. Afisa mtendaji wa mtaa anafahamu nani anafanya kazi gani nyumbani kwake. Vitu hivi vikiwekwa pamoja vinamtosha mkaguzi yeyote mwenye busara kujua kwamba meza ipo, imelipiwa na inafanya kazi. Na Mamlaka inapata faida juu yake, kwa kuwa kila hati ya namna hiyo inamleta fundi mmoja kwenye kumbukumbu bila askari wala kufuli.

Hilo la mwisho linahitaji uangalifu. Fundi akiona kwamba kumwandikia mteja hati ni kujipeleka kwenye makadirio ya ghafla, hataandika tena, nasi tutarudi tulipokuwa. Waraka useme wazi kwamba hati ya mauzo iliyotolewa na fundi mdogo ni uthibitisho wa gharama ya mteja, na kwamba haitatumika peke yake kumkadiria fundi. Elimu ya mlipakodi imfikie kwanza, pale pale karakanani.

Wapo majirani zangu ambao meza haiwasaidii kitu hata ikiwa na risiti kumi, nao nisiwasahau. Mshonaji wa sare aliye chini ya mauzo ya shilingi milioni 100 kwa mwaka bado yuko kwenye utaratibu wa kutozwa kwa mauzo. Akiwa kati ya milioni 4 na 7 bila kumbukumbu, analipa 100,000. Kati ya milioni 7 na 11 analipa 250,000. Akivuka milioni 11, ni asilimia 3.5 ya mauzo yote. Katika hesabu hiyo cherehani mpya, meza ya kukatia vitambaa na kabati la majora havimo. Mwaka alioingiza mtaji mkubwa na mwaka asionunua hata sindano, kodi ni ile ile kwa mauzo yale yale. Utaratibu huu una wema wake, kwa kuwa unamwondolea mtu mdogo mzigo wa kutayarisha hesabu, na kwa mwenye gharama ndogo ni nafuu kubwa. Ila Sheria hiyo hiyo ya Kodi ya Mapato inampa mtu binafsi hiari ya kujitoa humo na kutozwa kwa faida yake. Mshonaji aliyetumia milioni kadhaa kununua vifaa, na mwaka huo akabaki na faida kiduchu, angefaa kuijua hiari hiyo. Mitaani kwetu haijulikani. Kwenye meza za huduma za mikoa ya kikodi iandikwe ukutani, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa.

Kuhusu pango na umeme nitasema machache. Mita moja ya LUKU inahudumia wapangaji wanne, imesajiliwa kwa jina la mwenye nyumba, na tunachanga kwa zamu. Mpangaji wa namna hiyo hawezi kutoa risiti ya umeme wa kona yake. Akidai sehemu ya pango, anaingia kwenye swali jingine, la kama anapaswa kumkata mwenye nyumba kodi ya zuio ya asilimia 10 kwa sehemu hiyo. Jaribu kumweleza mwenye nyumba wa Mbagala kwamba utamkata asilimia 10 ya nusu ya sebule! Hapa kiwango maalumu kwa mwezi, mfano wa ule wa Uingereza, kingewaondolea watu wote usumbufu, mwenye nyumba akiwemo. Lakini hilo huenda likahitaji Bunge. Samani hazihitaji Bunge, na ndiyo sababu nimeanza nazo.

Najua hofu iliyopo upande wenu. Mlango huu ukifunguliwa, kuna atakayeleta sofa, runinga na jokofu akaviita vya ofisi. Watakuwepo. Wapo hata sasa, tena wenye ofisi mjini, wanaoandika samani za nyumbani kwa jina la kampuni. Dawa yake ni kuweka mipaka inayoeleweka. Waraka utaje vitu vinavyokubalika bila mjadala: meza ya kazi, kiti chake, shelfu, kabati la majalada, taa ya meza, kompyuta na mashine ya kuchapishia. Utaje visivyokubalika: vitanda, masofa, vyombo vya jikoni, isipokuwa kwa kazi inayovihitaji, kama jiko la mwoka keki. Uweke ukomo wa jumla ya thamani ambayo mtu anaweza kudai bila kukaguliwa, na juu ya hapo mkaguzi aje aone. Aliyedanganya aadhibiwe kwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi. Kumbukumbu tunatakiwa kuzitunza miaka mitano, kwa hiyo muda wa kumfikia upo.

Sheria hiyo ya Usimamizi wa Kodi, ya mwaka 2015, inakupa wewe Kamishna Mkuu mamlaka ya kutoa nyaraka za utekelezaji zinazoeleza jinsi Mamlaka inavyoitafsiri sheria, ili maafisa wote waifuate kwa namna moja. Mamlaka yenyewe inafungwa na waraka wake mpaka itakapoufuta. Hicho ndicho ninachokuomba: waraka wa utekelezaji kuhusu samani na vifaa vya kazi katika makazi, wa kurasa chache, ulioandikwa kwa Kiswahili, wenye hesabu za mfano kutoka nyumba kama zetu.

Oktoba 2024 ilizinduliwa Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi chini ya Balozi Ombeni Sefue, na miezi michache kabla yake Kariakoo ilikuwa imefunga maduka kwa malalamiko ya kodi. Tangu hapo mazungumzo ya kodi nchini yamekuwa ya wafanyabiashara wa maduka, mizigo na bandari. Wanastahili kusikilizwa. Sisi hatuna maduka ya kufunga. Mfasiri akigoma Chamazi hakuna atakayejua isipokuwa mteja wake. Kwa hiyo tunaandika.

Waraka huo ukitoka kabla ya Machi 31, watu wataufuata katika makadirio ya mwaka huu huu, na watakaokwenda Keko baada ya hapo watajua ni karatasi gani ya kumwomba fundi aandike kabla kirikuu hakijapakiwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mfasiri na mhariri,
Chamazi, Temeke.